Chavua na Maneno: Ushahidi wa Misitu ya Kale katika Historia ya Wasemaji wa Lugha za Kibantu

Mtaalamu wa isimu historia anapolinganisha majina ya mimea katika lugha za Kibantu, hufikia mahali ambapo maneno humpa karibu kila kitu isipokuwa tarehe. Anaweza kuonyesha kwamba mzizi *-bá, unaorejelea mchikichi, umeenea kwa namna inayoruhusu uhesabiwe katika msamiati wa Bantu mame. Anaweza kuonyesha kwamba jina la uwele, ambao Waswahili huutaja zaidi kwa wingi wake, mawele, lina ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Anaweza pia kuyapanga maneno hayo kwa utangulizi wake: lipi ni la urithi, lipi limekopwa, na lipi limebadilika maana baada ya wasemaji kuhamia nchi yenye mimea mingine. Lakini hakuna badiliko la sauti linalotukia kwa mwendo wa saa. Glotokronolojia ya Morris Swadesh, iliyojitokeza katika miaka ya 1950 ikiahidi kuhesabu miaka kwa kuhesabu maneno yaliyopotea, imekataliwa na wanaisimu wengi. Hata mbinu mpya za kitakwimu zinazochora nasaba za lugha haziwezi kutoa mwaka wowote mpaka zipewe tarehe fulani kutoka nje ya lugha yenyewe.

Tarehe hizo za nje hutoka wapi? Nyingi hutoka kwa waakiolojia, katika vigae vya vyungu, mkaa na mavi ya chuma. Nyingine hutoka mahali ambapo wanafunzi wa lugha hawapatembelei mara kwa mara, yaani katika matope yaliyo chini ya maziwa na vinamasi. Ndani ya matope hayo mna chavua iliyoanguka miaka elfu nyingi iliyopita, na chavua hiyo hueleza ni mimea gani iliyokuwa ikiota kandokando wakati huo. Kuanzia miaka ya 1960, historia ya misitu ya Afrika ya Mashariki na ya Kati imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa ushahidi huo, na historia ya kuenea kwa wasemaji wa lugha za Kibantu imeegemea juu yake. Mhadhara huu unachunguza uzito wa egemeo hilo. Unashikilia kwamba katika baadhi ya maandiko mashuhuri, mtaalamu wa chavua amekopa tarehe za mwanaisimu na mwanaisimu amekopa tarehe za mtaalamu wa chavua, na kila mmoja amedhani kwamba mwenzake ana ushahidi wake peke yake.

Punje isiyooza

Chavua ni unga wa kiume wa ua. Punje moja huwa na upana wa takriban mikromita 10 hadi 100, kwa hiyo haionekani kwa macho matupu isipokuwa imerundikana, kama inavyorundikana kwenye miguu ya nyuki. Ukuta wa nje wa punje hiyo umejengwa kwa sporopolenini, mada ngumu ambayo asidi nyingi haziiyeyushi na ambayo bakteria hushindwa kuila mahali pasipo na oksijeni. Matope ya ziwa tulivu ni mahali pa namna hiyo. Aidha, ukuta huo una nakshi: mifereji, vitundu, miiba na mikunjo, ambayo hutofautiana baina ya familia za mimea, mara nyingi baina ya jenasi, na mara chache baina ya spishi. Msomaji ashike neno hilo la mwisho, kwa sababu udhaifu mwingi wa taaluma hii unatokana nalo.

Aliyeifanya chavua kuwa chombo cha historia ni mwanajiolojia wa Sweden, Lennart von Post, ambaye mwaka 1916, katika mkutano wa wanasayansi wa Skandinavia uliofanyika Kristiania, mji unaoitwa sasa Oslo, aliwasilisha michoro iliyoonyesha asilimia za chavua za miti kutoka tabaka moja la mboji hadi jingine. Jina palinolojia lilibuniwa baadaye, mwaka 1944, na Waingereza wawili, Hyde na Williams. Kazi yenyewe huanza kwa kuzamisha bomba ndani ya matope na kutoa mche wa mashapo, mrefu kama mche wa sabuni uliokataa kwisha, ambao tabaka zake za chini ni za kale kuliko za juu. Chombo kilichotumika sana katika maziwa ya Afrika kilibuniwa na Mmarekani Daniel Livingstone, aliyekichapishia maelezo mwaka 1955. Vipande vidogo vya mche huo huchemshwa katika asidi, ikiwamo ile inayoyeyusha mchanga, mpaka kibaki kile kisichoyeyuka. Kisha huja kazi ya kuhesabu kwa hadubini, punje mia tatu, mia nne au zaidi kwa kila tabaka, siku hadi siku.

Tarehe za tabaka hizo hutokana na radiokaboni, mbinu iliyotangazwa na Willard Libby na wenzake mwaka 1949. Hapa pana tahadhari inayowahusu hasa wasomaji wa historia. Miaka ya radiokaboni si sawa na miaka ya kalenda, na machapisho mengi ya zamani yalitoa miaka ya radiokaboni bila kuirekebisha. Miaka hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia 1950. Mtu anayechukua tarehe kutoka makala ya 1969 na kuiweka sambamba na tarehe ya makala ya 2015 anaweza kukosea kwa karne kadhaa bila kujua, na makosa ya aina hiyo yamo katika vitabu vya historia vinavyosomwa hadi leo.

Si kila mmea husema kwa sauti ile ile. Podo la milimani hutoa chavua nyingi yenye vifuko viwili vya hewa, inayopeperushwa masafa marefu, hata ikaonekana katika mashapo ya nchi tambarare isiyo na podo hata moja. Mgunga, kinyume chake, hutoa chavua iliyoshikamana kwa mafungu mazito, ambayo huanguka karibu na mti wenyewe. Miti ya miombo huchavushwa na wadudu na huacha alama ndogo mno ikilinganishwa na eneo kubwa inalolifunika Tanzania, Zambia na Kongo. Nyasi ndizo zenye kelele kuliko wote, nazo zote, kuanzia ukoka hadi mtama, hufanana chini ya hadubini. Kwa hiyo asilimia za chavua si asilimia za miti. Ni ushahidi wa mashahidi wenye sauti zisizolingana, na hakimu hana budi kuzijua sauti hizo kabla ya kutoa hukumu.

Kutoka Cherangani hadi Kashiru

Kazi ya awali katika Afrika ya Mashariki ilifanywa na E. M. van Zinderen Bakker, mtaalamu mwenye asili ya Uholanzi aliyefanya kazi Bloemfontein, ambaye mwaka 1962 alichapisha matokeo ya kinamasi kilichoko katika milima ya Cherangani nchini Kenya. Mwaka 1967, mwenzake Joan Coetzee alichapisha uchunguzi mkubwa zaidi, uliojumuisha mashapo ya Ziwa Takatifu lililoko kwenye mteremko wa Mlima Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Coetzee alionyesha kwamba katika kilele cha enzi ya mwisho ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, mpaka wa juu wa msitu wa mlima huo ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha mita 1,000. Mahali penye msitu mnene leo palikuwa na mimea mifupi ya nyanda za baridi. Hitimisho lilionekana dhahiri: Ikweta nayo ilipata baridi kali.

Miaka miwili baadaye, Robert Kendall alichapisha historia ya mazingira ya bonde la Ziwa Viktoria, kwa kutumia mche uliotolewa Pilkington Bay upande wa Uganda. Sehemu ya chini ya mche huo ilijaa chavua ya nyasi, kisha msitu ukaingia kadiri ziwa lilivyojaa. Uchunguzi wa chini ya ziwa uliochapishwa na Thomas Johnson na wenzake mwaka 1996 ulikwenda mbali zaidi na kuonyesha kwamba ziwa hilo lilikauka kabisa kabla ya kujaa upya. Kwa msomaji aliyezoea kuliona Ziwa Viktoria kuwa kitu cha milele, huo ni ugunduzi wa kutafakari. Majina yote ambayo lugha za leo zimelipa ziwa hilo yamelipa ziwa changa.

Mwaka 1990, Raymonde Bonnefille na wenzake walijaribu kugeuza chavua kuwa nambari. Walitumia mboji ya kinamasi cha Kashiru nchini Burundi, wakailinganisha na chavua ya sehemu nyingi za siku hizi ambazo joto na mvua zake zinajulikana. Walikadiria kwamba katika kilele cha enzi ya barafu joto lilipungua kwa takriban nyuzi 4 za Selsiasi, na mvua kwa karibu asilimia 30. Nambari hizo zilipokelewa kwa furaha. Lakini mwaka 1997 Dominique Jolly na Alex Haxeltine walirudi kwenye Kashiru ile ile na kuuliza swali ambalo halikuwa limepewa uzito: je, hewa ya ukaa? Katika enzi ya barafu hewa hiyo ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni, ilhali kabla ya viwanda vya Ulaya ilifikia sehemu 280. Mti unaonyimwa hewa ya ukaa hudhoofika na nyasi fulani humshinda, hata bila baridi. Hivyo, sehemu ya kile kilichosomwa kuwa baridi huenda ilikuwa njaa ya hewa.

Chavua ya Kashiru haikubadilika hata punje moja kati ya 1990 na 1997. Kilichobadilika ni tafsiri. Hatua ya kutoka kwenye punje hadi kwenye mmea ni fupi na imara kiasi. Hatua ya kutoka kwenye mmea hadi kwenye tabianchi ni ndefu zaidi. Hatua ya kutoka kwenye mmea hadi kwa binadamu ni ndefu kuliko hiyo, na hatua ya kutoka kwa binadamu hadi kwenye lugha aliyoisema haimo ndani ya matope hata kidogo.

Inafaa kutaja, japo kwa ufupi, kwamba mabadiliko hayo makubwa hayakulikumba kila eneo kwa kiwango kimoja. Katika milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania, mashapo ya kinamasi cha Dama katika Udzungwa, yaliyochapishwa na Cassian Mumbi na wenzake mwaka 2008, na yale ya Deva-Deva katika Uluguru, yaliyochapishwa na Jemma Finch na wenzake mwaka 2009, yanarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000, na yote yanaonyesha msitu uliostahimili kwa kiasi cha kushangaza. Unyevu wa Bahari ya Hindi ulilisha milima hiyo hata wakati mabara yalipokauka.

Nani aliuondoa msitu?

Swali linalowagusa moja kwa moja wanahistoria wa lugha ni la karibu zaidi kuliko enzi ya barafu. Katika michoro mingi ya chavua ya Afrika ya Ikweta, chavua ya miti ya msitu hupungua na ya nyasi huongezeka wakati fulani ndani ya miaka elfu tano iliyopita. Je, mvua ilipungua, au watu walifika na mashoka?

Mfano wa kwanza ni Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1986, Alan Hamilton, David Taylor na J. C. Vogel walichapisha matokeo ya kinamasi cha Ahakagyezi wakidai kwamba msitu ulianza kufyekwa angalau miaka 4,800 iliyopita. Dai hilo lilizua tatizo kwa kila aliyehusika. Utamaduni wa vyungu vya Urewe na ufuaji chuma wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambao kwa kawaida huhusishwa na wasemaji wa mwanzo wa Kibantu wa eneo hilo, ni wa milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Kama msitu ulifyekwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla yao, mfyekaji alikuwa nani? Waliokuwa tayari kumtafuta walimpata kwa urahisi. Isimu linganishi, hasa katika kazi za Christopher Ehret na David Schoenbrun, ilikuwa imeonyesha maneno ya mkopo katika lugha za Maziwa Makuu yanayotokana na wasemaji wa lugha za Kisudani na za Kikushi, na hao waliweza kuwa wakulima na wafugaji wa kabla ya Wabantu.

Lakini miaka 4,800 ya 1986 ilikuwa miaka ya radiokaboni. Ikirekebishwa hufikia takriban 5,500, na huo ndio wakati ambapo kipindi kirefu cha mvua nyingi, kilichoifanya hata Sahara kuwa na maziwa, kilikuwa kinafikia mwisho wake. Msitu unaopungua wakati kama huo hauhitaji shoka. Taylor mwenyewe, alipochunguza kinamasi cha Muchoya katika eneo hilo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1990, alipata ufyekaji ulio wazi kuanzia karibu miaka 2,200 iliyopita, tarehe inayokaa vizuri zaidi na akiolojia. Sifa ya Schoenbrun katika makala yake ya 1994 na kitabu chake cha 1998 ni kwamba alizipanga michoro ya vinamasi mbalimbali kando kwa kando kabla ya kuyaleta maneno, akakubali kwamba zinatofautiana. Wengi waliomnukuu wameacha tofauti na kubaki na tarehe.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa kuwa unahusu nchi inayodhaniwa kuwa chimbuko lenyewe. Malcolm Guthrie, aliyechapisha kazi yake kubwa ya Kibantu linganishi kati ya 1967 na 1971, alikiweka kiini cha mtawanyiko kusini mwa msitu wa Kongo. Joseph Greenberg alikiweka mpakani mwa Nigeria na Kamerun, na rai hiyo ndiyo iliyoshinda. Ikiwa ni hivyo, wasemaji hao walilazimika kuupita au kuuzunguka msitu mkubwa wa Ikweta. Katika eneo hilo hilo la Kamerun kuna ziwa la kreta liitwalo Barombi Mbo. Jean Maley na Patrice Brenac walichapisha mwaka 1998 historia yake ya miaka 28,000. Humo, kati ya miaka 2,800 na 2,000 hivi iliyopita, chavua ya miti ya msitu mkomavu inaporomoka, nyasi zinapanda, na baadaye chavua ya mchikichi inaongezeka kabla ya msitu kurejea.

Maley aliliona tukio hilo kuwa la tabianchi. Mchikichi, alieleza, ni mti wa kwanza kuota mahali penye mwanga baada ya msitu kupasuka, kwa hiyo wingi wa chavua yake hauthibitishi bustani ya mtu. Dominique Schwartz alikuwa amekwisha kupendekeza mwaka 1992 kwamba ukame ndio ulioufungua msitu na kuwapa wasemaji wa Kibantu njia ya kupita. Simulizi hiyo ilipendwa na wanaisimu, kwani iliwapa tarehe na njia kwa pamoja. Ugunduzi wa mbegu za uwele kusini mwa Kamerun, uliochapishwa mwaka 2009 na Stefanie Kahlheber, Koen Bostoen na Katharina Neumann, uliiongezea nguvu. Uwele unahitaji msimu wa kiangazi ili ukomae, na mbegu hizo ni za milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Yale mawele yanayosagwa leo Dodoma na Singida, pamoja na jina lake, yana jamaa wa mbali katika mashimo hayo ya Kamerun.

Mwaka 2012, Germain Bayon na wenzake waliipindua simulizi. Walichunguza mashapo yaliyomwagwa baharini na Mto Kongo na kukuta kwamba karibu miaka 3,000 iliyopita udongo ulioshushwa na mto ulibadilika kikemia kuliko ambavyo mvua ingeweza kueleza. Sababu, walisema, ni wakulima wa Kibantu kufyeka msitu. Kwa nini wakulima, tena wa Kibantu? Kwa sababu maandiko ya isimu na akiolojia yaliwaweka hapo wakati huo. Mwaka huo huo Neumann na wenzake, na Maley na wenzake, walijibu kwa ukali katika jarida lile lile.

Hapa ndipo mzunguko unapoonekana. Mwanaisimu amesema: wasemaji walipita wakati huo kwa sababu chavua inaonyesha msitu ulifunguka. Mwanajiolojia amesema: msitu ulifunguliwa na watu kwa sababu wanaisimu wanaonyesha wasemaji walipita wakati huo. Kila kauli, ikisomwa peke yake, inaonekana kuwa na ushahidi wa nje. Zikisomwa pamoja, zimesimama kila moja juu ya mabega ya mwenzake, na chini yao hakuna sakafu. Makala ya Bostoen na wenzake ya 2015, iliyoyaweka pamoja maneno, chavua na vigae, iliirudisha hoja ya tabianchi kwa umakini mkubwa zaidi, lakini nayo haikuweza kuwa na shahidi asiyejuana na wenzake.

Shahidi wa namna hiyo alitafutwa ndani ya Barombi Mbo yenyewe. Yannick Garcin na wenzake walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa nta ya majani iliyohifadhiwa katika mashapo ya ziwa hilo. Isotopu za kaboni katika nta hiyo hueleza uwiano wa miti na nyasi, ilhali isotopu za haidrojeni hueleza mvua. Kwa hiyo maswali mawili ambayo chavua huyachanganya yaliulizwa kila moja kwa njia yake. Matokeo yalikuwa kwamba msitu ulipasuka karibu miaka 2,600 iliyopita na kurejea takriban miaka 600 baadaye, lakini mvua haikuonyesha badiliko linalolingana. Waandishi waliwaelekea wakulima. Wapinzani wao walijibu mwaka huo huo kwamba ziwa moja si Afrika ya Kati, na kwamba watu wa wakati huo hawakuwa wengi wa kuweza kuupasua msitu mpana kiasi hicho. Hoja ya pili ni nzito, kwa sababu mpasuko wa msitu umeonekana katika maziwa mengi yaliyo mbalimbali.

Upande wa isimu nao haukutulia. Mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walichora nasaba ya lugha za Kibantu kwa takwimu na kuona kwamba wasemaji walifuata nafasi za wazi ndani ya msitu zilipofunguka. Mwaka 2022 Ezequiel Koile na wenzake, kwa mbinu zinazokaribiana, waliona kwamba wasemaji waliupita msitu wenyewe, takriban miaka 4,400 iliyopita, muda mrefu kabla ya mpasuko wa Barombi Mbo. Ikiwa Koile yuko sahihi, ule mlango wa ukame uliosomeshwa kwa miongo kadhaa haukuwa mlango, maana watu walikuwa wamekwisha kuingia. Inaelekea kwamba wanafunzi wa isimu historia watafanya vyema kuiacha hoja ya njia ya ukame mikononi mwa wale wanaoweza kuithibitisha bila kutegemea tarehe zilizokopwa.

Mimea iliyo kimya, na mikoko

Pana jambo jingine linaloifanya chavua kuwa shahidi asiyetosha katika mashauri ya wakulima wa msituni, nalo ni kwamba mazao yao makuu hayasemi. Viazi vikuu huacha chavua kidogo mno. Migomba inayolimwa haizai chavua ya maana, kwani ndizi za kuliwa hukua bila mbegu. Kwa mgomba watafiti hutegemea fitolithi, yaani chembe za silika zinazobaki majani yakioza. Fitolithi za Nkang nchini Kamerun zinaupeleka mgomba hadi milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Zile za Munsa nchini Uganda, zilizochapishwa mwaka 2006, zilidaiwa kuwa za milenia ya nne kabla ya Kristo, dai ambalo wataalamu wengi wamelitilia shaka. Kwa hiyo mchoro wa chavua usioonyesha zao lolote hauonyeshi kwamba hapakuwa na shamba.

Zao moja linalosema waziwazi ni muhindi. Punje yake ya chavua ni kubwa kuliko ya nyasi nyingine karibu zote, na kwa kuwa mmea huo ni wa Amerika, tabaka lolote la Afrika lenye chavua yake ni la baada ya safari za Wareno. Neno la Kiswahili, mahindi, lingemwelekeza mwanaisimu asiye mwangalifu Bara Hindi. Chavua humzuia, ingawa haiwezi kumweleza kwa nini watu wa pwani waliuona mmea huo kuwa wa Kihindi. Katika jambo hilo neno lina habari ambayo matope hayana.

Pwani yenyewe imechelewa kuingia katika taaluma hii. Fukwe za mchanga hazihifadhi chavua vizuri, na maziwa ya kale ni machache. Mikoko, hata hivyo, huota ndani ya matope yasiyo na hewa, na kila mti una nafasi yake kati ya maji kujaa na maji kupwa. Mlilana husimama mbele kuelekea baharini, mkoko hufuata, kisha msinzi na mkandaa, na mchu mara nyingi hukaa upande wa nchi kavu. Kina cha bahari kikipanda, safu nzima husogea. Paramita Punwong, Rob Marchant na Katherine Selby walitumia kanuni hiyo katika delta ya Rufiji na katika ghuba ya Makoba kisiwani Unguja, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Michoro yao inaonyesha mikoko ikisogea ndani na kurudi nje pamoja na bahari katika kipindi chote cha karibuni baada ya enzi ya barafu.

Hakuna mimea iliyo karibu na historia ya Waswahili kuliko hiyo. Boriti za Rufiji na Lamu zilibebwa na majahazi hadi Arabuni na Ghuba mpaka karne ya 20, na kipimo cha boriti ndicho kilichoweka upana wa vyumba vya nyumba za mawe. Felix Chami, katika kazi yake ya 1994 juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, alionyesha kwamba nchi ya Rufiji ilikuwa na jamii za wakulima na wafua chuma kabla ya miji ya mawe kujengwa. Lau ingewezekana kusoma katika matope ni lini watu walianza kukata mikoko kwa wingi, na kuitenganisha kazi yao na kazi ya bahari, historia ya biashara ya pwani ingepata tarehe zisizotoka katika maandiko ya wageni.

Ugumu ni ule uliotajwa mwanzoni, wa jenasi na spishi. Mkoko hutoa chavua nyingi inayochukuliwa na upepo, kwa hiyo huonekana kuwa mwingi kuliko ulivyo. Mchu hutoa kidogo, kwa hiyo huonekana kuwa haba. Na miti miwili ambayo mkata boriti wa Rufiji haichanganyi hata gizani, kwa kuwa mmoja hutoa nguzo nene na mwingine fito nyembamba na gome la kutilia rangi, hadubini haiwezi kuitenganisha. Majina yao hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali, na bado hayajakusanywa yote kutoka Lamu hadi Kilwa. Katika michoro ya chavua, msinzi na mkandaa mara nyingi huandikwa katika safu moja.